Kulwa, Doto na Breki ya Mbele

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimeliandika hilo neno nikaweka kalamu chini, nikawa nasubiri uitikie. Miaka kumi na miwili sijawahi kukuamkia ukakaa kimya. Hata siku zile ulizokuwa umeninunia ulikuwa unaitikia, ila umegeukia ukutani. Basi leo naitikia mwenyewe kwa niaba yako: marahaba, Baruti, umeamkaje. Nimeamka salama, Mzee. Mgongo tu.

Ni Jumapili mchana. Mlango wa gereji nimeurudishia nusu, Mhunze yote imetulia, na mimi nimekalia kile kiti chako ulichotengeneza kwa tairi la trekta. Miezi ya mwanzo baada ya kukuzika nilikuwa nakizunguka, naogopa kukikalia. Halafu siku moja nikachoka, nikakaa, na hakuna kilichotokea isipokuwa niligundua ni kiti kizuri sana na ulikuwa unatunyima. Daftari nimemwomba Mama Kulwa. Aliniuliza la nini, nikamwambia nataka kumwandikia mumeo. Hakushangaa hata kidogo. Amesema nikueleze kwamba yule jogoo mwekundu amekufa, kwamba amekufa kwa uzee, hakuibiwa, usije ukamsingizia mtu.

Habari nyingine ni hizi. Pamba ya mwaka huu si mbaya. Ule mlango wa bati uliokuwa unalia nimeutia grisi, sasa sisikii mteja akiingia, najuta. Wenye bodaboda wanakuja kama kawaida, cheni na plagi, lakini wale wa pikipiki za zamani wameongezeka, na hilo lingekufurahisha. Kuna bwana mmoja wa kule Bugarama, duara lake la uchimbaji lilitema dhahabu, na badala ya kukimbilia gari ameleta pikipiki ya marehemu baba yake juu ya kigari cha kirikuu. Imekaa kwenye banda la mbuzi tangu yeye akiwa shule ya msingi. Anataka iwake tu. Nilimwambia itachukua muda, akasema muda anao. Nikamtazama nikakumbuka mimi nilivyofika hapa sina muda wowote.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimetoka duarani na vumbi la mawe masikioni, pikipiki yangu imegoma kuwaka. Nikakuta mzee mmoja mwembamba amevaa koti kwenye joto la Kishapu, anapuliza kabureta kwa mdomo. Nikaanza kukuelekeza. Nilikuelekeza dakika nzima, wewe ukinisikiliza kama unasikiliza redio. Ukafuta mikono, ukaninyooshea spana, ukasema, "Kama unajua kuliko mimi, shika." Nikashika, na ndiyo hii niliyonayo mpaka leo. Jina la Baruti ulinipa siku hiyohiyo, kabla hata hujajua kwamba naitwa Jilala, kwa sababu nati ya kwanza ilipogoma niliulizia nyundo. Kule shimoni mwamba ukigoma unachukua nyundo na moko, ile tindo yetu, na moko ikishindwa ndipo unatega baruti. Sikujua kama kuna kazi duniani inayofanywa kwa kusubiri.

Naona nazunguka. Nije kwenye jambo lenyewe.

Ni ile pikipiki yako. Ile nyekundu uliyoachiwa na afisa wa pamba alipostaafu, yenye breki ya diski mbele, iliyokuwa inawatoa watu majumbani kuja kuitazama. Ile uliyompakia Mama Kulwa siku mlipotoka kufunga ndoa, yeye ameishika shela kwa meno isipeperuke. Ukiondoa miezi miwili ya mwanzo, muda wote niliokaa hapa ilikuwa kwenye kona, chini ya turubai, gurudumu la mbele limekaza kabisa, huwezi kulizungusha hata kwa miguu. Kila nilipokuomba niifungue ulisema, "Hiyo iache. Hiyo utaifungua wewe, siku yake ikifika." Nikaona unairingia. Ukawa unaenda mnadani kwa baiskeli, fundi pikipiki mzima, watu wanakucheka nawe unawapungia mkono.

Na kule hospitali, siku ya mwisho uliyoongea vizuri, nilivuta kigoda nikijua sasa Mzee ananiachia maneno mazito. Ukasema, "Ile breki ya mbele. Fungua wewe. Usimwite mtu." Nikasema ndiyo, Mzee. Ukanishika mkono ukarudia, "Usimwite mtu." Nilifikiri ni homa.

Sikuifungua. Nakiri. Miezi minane nilikuwa napita pembeni ya lile turubai nikijifanya nina haraka. Ukweli ni kwamba niliona nikiimaliza hiyo, hakuna tena kazi yako itakayokuwa imebaki hapa ndani, na mimi nilikuwa sijawa tayari kwa hilo. Ningeweza kuendelea hivyo hata mwaka mwingine.

Aliyenitoa huko ni Mama Kulwa. Kulwa wenu amemjengea chumba kule Kahama, chenye dirisha kubwa na bomba la maji mlangoni, na amekubali kuhamia huko. Wewe mwenyewe ulitaka hivyo, kwa hiyo hatukulia. Gereji inabaki na mimi. Nyumba anaiacha kwa mdogo wako. Nikamuuliza, na pikipiki je? Akajibu bila kuniangalia, "Jilala mwanangu, ikitoka hapa kwa magurudumu yake ni yako. Isipotoka, wale wa chuma chakavu wanapita Jumamosi ya wiki ijayo." Nikasema Mayu, mama yangu, huwezi. Akasema anaweza. Hataki kuiacha ioze uani, wala hataki kuisafirisha hadi Kahama juu ya lori kama maiti. Amekuwa akiitazama imelala miaka yote hiyo na amechoka. Unamjua mkeo akishaamua. Nilikuwa na siku kumi.

Sasa nitakueleza kazi hatua kwa hatua, kama ulivyokuwa unapenda nisimulie, ili uone nilipokosea.

Siku ya kwanza nilifuata kanuni yako: usifungue chochote kabla hujajaribu kuisukuma pistoni kwa mkono wa breki wa pikipiki yenyewe. Nikaubana mkono wa breki. Ulikuwa kama nimebana jiwe. Skrubu za mfuniko wa kikopo cha mafuta kule juu kwenye usukani zilikuwa zimeliwa na kutu, nikaona hizo zitanichelewesha, nikaziacha kwa baadaye. Kumbuka hapo, nitaparudia. Nikashusha kalipa, lile jumba linalobana diski, nikalifunga kwenye vaisi.

Pistoni mbili, zimekaa bega kwa bega. Ya juu Kulwa, ya chini Doto. Mpaka leo sijui kama pacha wako wanajua kwamba kila kalipa ya pistoni mbili iliyoingia gereji hii, pistoni zake ulizipa majina yao. "Usimwachie Kulwa atoke peke yake," ulikuwa unasema, kwa sababu moja ikishachomoka, nguvu yote inavujia kwenye tundu lake, na ile nyingine inabaki ndani haina wa kuisukuma. Ile nyepesi unaizuia kwa kipande cha mti na klampu mpaka ile ngumu ianze kutembea. Nilishakusikia ukilisema hilo mara mia.

Nikazungushia mafuta ya kulegeza kutu, nikaondoka. "Iache inywe." Hilo nalo ulilisema mara mia, na ndilo lililokuwa linaniudhi kuliko yote.

Siku ya pili nikaitafuta ile sufuria. Ipo, Mzee. Ile iliyotobolewa. Mwaka wangu wa kwanza, wewe ukiwa umeenda kujisaidia, niliona unachelewesha kazi na mafuta yako ya kunyweshwa, nikaipeleka kalipa ya mteja kwenye kompresa ya kujazia upepo. Pistoni ilitoka kama risasi, ikapita mlangoni, ikaingia kwenye sufuria ya viazi vya matobolwa ya Mama Kulwa pale uani. Ulitoka chooni mbio huku unafunga mkanda. Ukaitazama sufuria. Ukaja ukanishika mkono, ukavihesabu vidole vyangu kimoja kimoja mpaka kumi. Ulienda ukaleta bomba la grisi, ukanionyesha jinsi grisi inavyosukuma polepole, mkono kwa mkono, bila kuua mtu. Tundu la ile sufuria lilikuwa juu karibu na ukingo, nusu ya chini bado inashika maji, na kuanzia siku hiyo ikawa sufuria ya kuchemshia kalipa.

Basi nikachemsha. Jumba lake ni aluminiamu, linatanuka kwa joto haraka kuliko pistoni za chuma, na kile kitofauti kidogo ndicho unachokitafuta. Chemsha, ipoe, tia mafuta, subiri, funga bomba la grisi, pampu mara mbili tatu, ikigoma rudi mwanzo. Saa za kusubiri nilizitumia kufufua injini na kubadilisha matairi. Mama Kulwa akawa ananiuliza kila asubuhi kama mboga imeiva.

Siku ya nne Kulwa akasogea. Nilisikia bomba limelegea mkononi, nikatazama, nikaona mstari mwembamba wa chuma safi umejitokeza. Nikashikwa na kiherehere. Nikapampu, nikapampu tena, klampu iko mezani naiona, kipande cha mti kiko mezani nakiona, na pistoni ikaanguka ploo kwenye benchi ikifuatiwa na grisi yote. Doto hakutikisika. Hakuna aliyenikosesha. Nilirusha spana. Ile namba kumi na saba, ndiyo, na ilipita dirishani ikaingia kwenye minyaa. Nilikaa nusu saa nikiitafuta, utomvu wa minyaa unanidondokea, na nilijua kabisa ungekuwepo ungekuwa umesimama dirishani unanielekeza kushoto wakati iko kulia.

Nikairudisha Kulwa, nikaibana kwa klampu, nikaanza upya na Doto peke yake. Siku ya tano haikusogea. Siku ya sita haikusogea. Siku ya saba niliazima mtungi wa gesi kwa mchomeleaji wa jirani, nikawasha moto ule wa bluu, nikausogeza karibu na kalipa. Nilikuwa na siku tatu tu. Nikausikia mkono wako kabisa kwenye bega, sitanii. Nikauzima. Nikamrudishia mwenyewe mtungi wake, akaniuliza umemaliza upesi hivyo, nikasema bado sijaanza. Nikarudi kwenye sufuria.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, Doto alitoka. Haikuruka wala haikugonga. Kila mkono mmoja wa bomba ilijitokeza unene wa kucha, ikakwama kidogo, ikajitokeza tena. Nilipoishika mkononi nikaifuta, kulikuwa na mkanda wa kutu pembeni, lakini uso wake haukuliwa. Msasa laini na mafuta ya breki, inarudi kazini. Nilicheka peke yangu, Mzee. Nikaiweka juu ya kiti chako uione.

Halafu nikazitoa zile raba za ndani, kwa kijiti kama ulivyonifundisha, si kwa bisibisi. Na hapo ndipo damu ilinipanda. Raba zilikuwa zimevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta. Nikanusa. Oili ya injini. Kwenye breki.

Nilifoka. Mama Kulwa alikuwa ameketi pale kwenye mkeka anachambua choroko, na mimi nimesimama mbele yake na zile raba mkononi nahutubia. Nilisema hivi ni punda gani aliyetia oili ya injini kwenye breki ya Mzee. Nilisema hata anayejifunza bodaboda jana anajua oili inavimbisha raba za breki, breki inabana haiachii, gurudumu linaweza kukaza njiani mtu akafa. Nilisema ningemjua ningemtafunisha hizi raba moja moja bila maji. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Mama Kulwa anachambua choroko tu, anapuliza makapi. Nilipokosa pumzi akasema, taratibu kabisa, "Fungua na mfuniko wa juu."

Zile skrubu zilizoliwa na kutu nikazitoboa kwa drili. Nikauinua mfuniko. Pale panapotakiwa kuwa na gasketi kulikuwa na kipande cha raba ya bluu kilichokatwa kwa wembe, kona moja imepinda, na kina vile vinundunundu vya kukanyagia.

Ilikuwa ndala, Mzee. Ilikuwa ndala yangu.

Nilijua palepale. Mwezi wangu wa pili. Ulienda Shinyanga mjini siku mbili kufuata vipuri, ukaniachia gereji, na mimi nikataka urudi ukute nimekufanyia kitu kizuri. Nikaona kikopo cha breki cha pikipiki yako kinavuja mfunikoni na mafuta yamepungua. Gasketi sikuwa nayo, nikakata kisigino cha ndala yangu. Mafuta ya breki hayakuwepo, nikatia oili, na si oili chafu, nilifungua kopo jipya kabisa. Kule shimoni kila mashine tuliinywesha oili, karasha ya mawe, pampu, winchi. Mimi nilijua mafuta ni mafuta. Na sikukuambia, kwa sababu nilitaka uone mwenyewe ushangae.

Wiki moja baadaye ulirudi unaikokota, suruali imechanika, goti linavuja damu. Kumbe uliikokota hivyohivyo na gurudumu la mbele unalinyanyua. Nikauliza kuna nini. Ukasema, "Nimemkwepa ng'ombe."

Na mimi, Mzee, mimi nikaenda kumtafuta mwenye ng'ombe. Unakumbuka aibu ile. Nilizunguka maboma matatu. Pale mnadani nilimkaba shati mchungaji mmoja mpole ambaye hakunikosea lolote, nikamwambia ng'ombe wake amemvunja mguu fundi wetu. Yule bwana anaapa ng'ombe wake wote walikuwa lamboni wanakunywa maji. Ukaja kwa baiskeli, unakanyaga pedali kwa mguu mmoja, ukanibandua shingoni mwake, ukamwomba radhi wewe badala yangu. Ukasema ng'ombe mwenyewe alikuwa wa watu wa mbali, ameshapita. Tangu siku hiyo ukawa unachechemea, na kila nilipokuona unachechemea nilimlaani yule ng'ombe. Miaka kumi na miwili nimemlaani.

"Hakukuwa na ng'ombe, Jilala," Mama Kulwa akasema.

Akanieleza yote bila kuacha choroko zake. Kwamba ulianguka pale kwenye mteremko wa kuelekea lamboni, gurudumu limekaza lenyewe. Kwamba uliufungua mfuniko palepale barabarani ukaiona bluu, na ukafika nyumbani ukanikuta nimevaa ndala moja haina kisigino. Kwamba ulimwambia, "Nikimwambia leo, leo hii anabeba begi lake anarudi shimoni, na lile duara lao matimba yanayolizuia lisiporomoke ni mabovu. Acha ajifunze kazi kwanza. Akishaijua ataliona mwenyewe, na hapo hataenda popote." Naye akanyamaza nawe, miaka yote hiyo, ananipikia ugali.

Duara letu liliporomoka masika yaliyofuata. Unajua, tulienda wote wawili msibani, ulisimama pembeni yangu kwa mguu ule ule. Hukusema neno hata hapo.

Nililia, Mzee. Nilikaa chini kwenye mkeka wa choroko nikalia mikono imejaa grisi, sina pa kujifutia machozi. Mguu wako. Baiskeli yako. Pikipiki yako ya harusi chini ya turubai, na wewe unawapungia mkono wanaokucheka. Nisamehe. Najua ulishanisamehe kabla mimi sijajua kosa, lakini niache niliseme na mimi: nisamehe, Baba. Nilikosea, na ungeweza kufa.

Halafu nikakumbuka kwamba wiki nzima ile nilitembea Mhunze na ndala moja haina kisigino, naringa, na wewe unanitazama unajua. Nikaanza kucheka na kamasi zinanitoka. Mama Kulwa naye akacheka, choroko zikamwagika.

Akaingia ndani, akaleta kibati cha majani ya chai. Ndani raba mpya nne, mbili kwa kila pistoni, na raba za kule juu, na gasketi halisi ya mfuniko, zote kwenye karatasi yake. Kumbe uliziagizia kwenye lile duka la vipuri la mjini kabla hujalazwa. Ulikuwa umeniandalia kila kitu, mjanja wewe.

Siku ya tisa niliosha grisi na oili yote, chini na juu, isibaki hata harufu, nikasafisha mifereji ya raba, nikazipaka mafuta ya breki, ya breki, nimesoma kopo mara tatu. Kulwa na Doto waliingia kwa kusukumwa na dole gumba. Wakati wa kutoa upepo uliobaki kwenye mafuta ya breki nilihitaji mtu wa kubana mkono wa breki wakati mimi niko chini. Ulisema nisimwite mtu, nami nimejitahidi, lakini huyu ni Mama Kulwa. Bana, nasema. Anabana. Achia. Anaachia. Mikono iliyokamua ng'ombe maisha yake yote, Mzee, breki ilisimama imara upesi kuliko nikifanya na mwanamume. Nikazungusha gurudumu likazunguka. Akabana, likasimama. Akaachia, likazunguka. Alirudia mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi wale wa chuma chakavu wakaja na lori na kipaza sauti chao. Wanaingia getini na sisi tunatoka. Mama Kulwa amekaa upande nyuma yangu, kofia ngumu kichwani, ncha ya kanga kaibana kwa meno. Wakatupisha. Mmoja akauliza, Mama, hiyo nayo? Hakuweza kujibu kwa sababu ya kanga, akatikisa kichwa.

Nilifikiri tunakwenda mnadani. Akanigonga bega, tukakata kulia, tukaenda pale kwenye mteremko wa lamboni. Nilipunguza mwendo, sijawahi kuogopa hivyo hata futi mia mbili chini ya ardhi. Na kule chini, haki ya Mungu, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Kundi zima, wanakwenda maji, wanatembea kama barabara waliijenga wao. Nikabana breki ya mbele. Ikashika. Pikipiki ikainama kidogo kwa adabu, ikasimama hatua kadhaa kabla ya yule wa mwisho, dume jeupe, akageuka akatutazama.

Mama Kulwa akatoa kanga mdomoni. "Haya," akasema, "huyo sasa ndiye ng'ombe."

Karatasi inakwisha, niage. Kile kipande cha bluu sikukitupa. Nimekipigilia msumari ukutani juu ya kiti chako, na wateja wanaouliza nawaambia ukweli wote, pamoja na habari ya ndala. Yule mchungaji wa mnadani nilimtafuta, bado yupo, amezeeka. Nilimwomba radhi mwenyewe safari hii. Alikuwa ameshasahau, ikabidi nimkumbushe nilivyomkaba ndipo nimwombe msamaha, tukaishia kunywa chai.

Nakuahidi mambo mawili. La kwanza, nikikuta kazi imeharibiwa, sitamwita mtu punda kabla sijafungua mfuniko wa juu. Najijua, nitafoka, lakini nitafungua kwanza.

La pili ni Jumatano. Mizigo ya Mama Kulwa imeshatangulia Kahama na basi, yeye amekataa basi. Nampeleka mimi, kwa pikipiki yako, asubuhi na mapema, tutapumzika Shinyanga mjini. Usiwe na wasiwasi. Tukikuta ng'ombe njiani, tutasubiri wapite.

Pumzika, Mzee. Wabeja sana, asante kwa yote.

Mimi wako,
Jilala, yule Baruti